Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kampuni Ikiuza Hisa kwa Umma, Sheria Inakupa Nini?

Nimehudumia watu dirishani kwa dalali wa hisa hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi. Karibu kila anayefika huanza na bei: inapanda lini, inashuka lini, ninunue ngapi. Wanaoomba kusoma waraka wa matarajio ni wachache mno, na wengi wao ni watu waliokwisha kuumizwa mara moja. Majibu haya nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawajaumizwa bado.

Waraka wa matarajio ni kitu gani hasa?

Ni kitabu ambacho kampuni inalazimika kukitoa kabla ya kupokea hata shilingi moja ya umma. Ndani yake mna hesabu za miaka iliyopita zilizopitiwa na mkaguzi wa nje, majina ya wamiliki wakubwa, wakurugenzi na maslahi yao, madeni, kesi zilizoko mahakamani, fedha zitakazopatikana zitafanya kazi gani, na orodha ya vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuiangusha biashara.

Tanzania, chimbuko lake ni Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994, na msimamizi ni Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, tunayoijua kwa herufi zake, CMSA. Bila idhini yao hakuna toleo la hisa kwa umma. Kenya wana mamlaka yao ya masoko ya mitaji, CMA, iliyoundwa kwa sheria ya 1989. Soko letu la Dar es Salaam, DSE, lilianza kuuza na kununua Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, watengenezaji wa gesi za viwandani. Angalia mpangilio wa miaka hiyo: sheria ilitangulia, soko likafuata.

Kwa nini ilazimu hivyo? Ukienda Kariakoo kununua shati, unalishika, unalivuta mshono, unaligeuza ndani nje. Hisa huwezi kuivuta mshono. Anayekuuzia anajua kila kitu kuhusu kampuni yake, nawe unajua tangazo la redioni tu. Sheria ya kuweka taarifa wazi ipo ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

CMSA wakiidhinisha waraka, si ina maana wamehakikisha kwamba hisa ni nzuri?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Fungua kurasa za mwanzo za waraka wowote. Utakuta aya, mara nyingi kwa maandishi madogo, inayosema kwamba mamlaka imeidhinisha waraka lakini haibebi dhamana ya usahihi wa maelezo yaliyomo wala haipendekezi ununue. Wamekagua kama yanayotakiwa kusemwa yamesemwa. Kama bei ni halali yake au si halali yake, hilo wamekuachia wewe.

Mama mmoja, muuza vitenge, alinijia akiwa na fomu mkononi, fedha kazifunga kwenye pindo la kanga. Nikamwonyesha aya hiyo. Akaisoma taratibu kwa kidole, akanitazama: "Sasa mwanangu, hawa kazi yao nini?" Swali lake linastahili jibu la heshima, nalo ni hili linalofuata.

Basi kwa nini mamlaka isizuie tu kampuni mbaya zisiuze hisa?

Zipo njia mbili duniani. Ya kwanza, msimamizi anaamua yeye mwenyewe kama hisa inafaa kuuzwa kwa wananchi. Ya pili, msimamizi anailazimisha kampuni iseme yote, kisha mnunuzi anaamua. Marekani walianza na ile ya kwanza katika majimbo yao, Kansas ikiwa mbele mwaka 1911. Baada ya soko la New York kuanguka 1929, serikali yao kuu ikaja na sheria ya 1933, na hiyo ikajengwa juu ya njia ya pili: sema ukweli wote, kisha uza unachouza.

Udhaifu wa njia ya kwanza ulionekana wazi Desemba 1980. Kampuni ya kompyuta ya Apple ilipouza hisa zake kwa umma kwa mara ya kwanza, wasimamizi wa jimbo la Massachusetts waliwazuia wakazi wao kununua kwenye toleo hilo, kwa hoja kwamba hisa zile ni za hatari mno na bei yake imepitiliza. Walikuwa na nia njema kabisa. Kilichofuata kila mtu anakijua.

Sisi huku tuko katikati. Kuna vigezo ambavyo kampuni lazima ivitimize: kwa soko kuu la DSE iwe na historia ya miaka mitatu, angalau asilimia 25 ya hisa ziwe mikononi mwa umma, na wanahisa wasipungue 1,000. Kwa kampuni changa kuna dirisha la kukuza ujasiriamali, lenye masharti mepesi zaidi: asilimia 20 na wanahisa 300. Maendeleo Bank ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupita hapo, 2013. Ukishapita kwenye vigezo, kazi inayobaki ni kusema ukweli. Mimi naamini mpangilio huu ni sahihi, lakini kwa sharti moja: mnunuzi asome. Asiposoma, nusu ya sheria inakuwa haina kazi.

Nikinunua hisa kwenye toleo, fedha yangu inakwenda kwa nani?

Swali hili laiti ningeulizwa kila siku! Jibu linatofautiana toleo kwa toleo, na waraka lazima ulitaje.

Chukua matoleo mawili makubwa ya kampuni za simu Afrika Mashariki. Safaricom, Machi na Aprili 2008: zilizouzwa ni hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 za Kenya kila moja kwa mnunuzi wa ndani. Lakini hisa hizo zilikuwa za serikali. Serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 60, ikauza 25, ikabaki na 35. Zaidi ya shilingi bilioni 50 zilizokusanywa ziliingia Hazina. Kampuni yenyewe haikupata mtaji wa kujenga hata mnara mmoja kutokana na mauzo hayo.

Vodacom Tanzania, 2017: hisa takriban milioni 560 kwa shilingi 850 za Tanzania, jumla bilioni 476. Hizi zilikuwa hisa mpya, na fedha iliingia kwenye kampuni.

Toleo la kwanza lilibadilisha mmiliki, la pili liliongeza mtaji. Hakuna lililo haramu wala baya kwa asili yake. Ila mtu akikwambia "nunua, fedha yako inakwenda kupanua kampuni", mwombe akuonyeshe ukurasa unaosema hivyo.

Kwani Vodacom waliamua wenyewe kuuza hisa?

Walilazimishwa na sheria, na hapa ndipo utaona jinsi kanuni zinavyoweza kuumba toleo zima kuanzia mwanzo hadi bei inayofuata. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010 ilizitaka kampuni za simu ziorodheshe hisa kwenye soko la ndani. Miaka ikapita kimya. Mwaka 2016 sheria ya fedha ikaweka msisitizo: asilimia 25, kwa umma, na muda ukapangwa.

Toleo likafunguliwa Machi 2017. Wakati huo wanunuzi walitakiwa kuwa Watanzania. Kiwango cha chini kilikuwa hisa 100, yaani shilingi 85,000, na nakumbuka foleni: walimu, bodaboda, wastaafu, vijana wa chuo waliochangishana. Lakini bilioni 476 hazikuwa fedha ndogo kwa soko letu, ambalo lilikuwa halijawahi kuona toleo la ukubwa huo. Muda ukaongezwa. Haikutosha. Katikati ya mwaka sheria ikarekebishwa kuruhusu wageni, wakaingia na kuchukua sehemu kubwa ya zilizobaki, ndipo Agosti 15, 2017 kampuni ikaorodheshwa.

Funzo la soko hapa ni zito. Kwa kawaida kampuni huchagua siku ya kuuza: biashara ikinawiri na wanunuzi wakiwa na hamu. Sheria ikichagua siku badala yake, bei na mahitaji huenda visikutane. Hisa ile baadaye ilikaa muda mrefu chini ya 850, na wengi wa wale waliopanga foleni walikuja kuniuliza nani kawadanganya. Hakuna aliyewadanganya. Waraka ulieleza faida, ushindani, na kwamba toleo ni matakwa ya sheria. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa nao chini akawaeleza maana yake. Kwa upande mwingine, siikatai nia ya sheria ile. Kampuni ambayo hesabu zake zilikuwa za wenyewe sasa inazichapisha kila mtu azione, na makumi ya maelfu ya Watanzania waliingia sokoni kwa mara ya kwanza.

Niliomba hisa nyingi nikapewa chache. Nimeonewa?

Kama maombi yamezidi hisa zilizopo, mgao hufuata utaratibu uliotangazwa kwenye waraka kabla. Kwenye toleo la Safaricom waombaji walipita 800,000, na mwananchi wa kawaida alipata takriban sehemu moja ya tano ya alichoomba. DSE yenyewe ilipouza hisa zake 2016 kwa shilingi 500, ikitafuta bilioni 7.5, maombi yalizidi mara nne.

Hatari yake ni kukopa benki ili uombe nyingi. Riba inahesabiwa kwa mkopo wote tangu siku ya kwanza, wakati fedha ya ziada inarudishwa baadaye, na hisa ulizopata ni chache. Wakenya wengi walilia kwa hesabu hiyo mwaka 2008. Hisa ilianza juu ya shilingi 7, kabla ya mwaka kwisha ikawa chini ya 5. Waliokuwa na subira na wasiokuwa na mkopo walikuja kuvuna vizuri miaka ya mbele. Wenye mkopo hawakuwa na nafasi ya kusubiri.

Baada ya kuuza, kampuni inaweza kunyamaza?

Haiwezi. Ikiorodheshwa inabaki kwenye kiapo cha kusema: hesabu za mwaka, za nusu mwaka, mabadiliko ya wakurugenzi, mkataba mkubwa, gawio (yaani faida inayogawiwa wanahisa), mpango wa kununuliwa. Kenya kuna kanuni ninayoipenda sana. Kampuni ikiona faida yake ya mwaka itashuka kwa asilimia 25 au zaidi ukilinganisha na mwaka uliotangulia, lazima itoe onyo kwa umma kabla hata ya kutoa hesabu zenyewe. Hisa huporomoka siku hiyo, ni kweli. Lakini zinaporomoka kwa wote kwa pamoja, badala ya wakubwa kutoka mlango wa nyuma wiki moja kabla.

Adhabu ya kunyamaza ina ubaya wake, na hili linanisumbua hadi leo. NICOL, kampuni ya uwekezaji iliyomilikiwa na Watanzania wa kawaida kwa maelfu, iliondolewa kwenye orodha ya DSE mwaka 2011 kwa kutofuata masharti ya soko. Ilirudi 2018. Katika miaka hiyo yote aliyekuwa na hisa zake hakuwa na soko la kuziuzia. Kosa la uongozi, aliyefungiwa mlango ni mwanahisa. Kwa hiyo kampuni ikianza kuchelewesha hesabu, usisubiri barua. Kuchelewa kwenyewe tayari ni habari.

Je, wakiandika uongo?

Waliotia saini wanawajibika. Wakurugenzi walioidhinisha waraka wanaweza kushtakiwa, na wanaweza kudaiwa fidia na mtu aliyenunua kwa kuutegemea. Mtaalamu aliyetoa ripoti ndani yake, mkaguzi kwa mfano, lazima awe ameridhia kwa maandishi jina lake litumike, naye hujibu kwa sehemu yake. Ndiyo maana nawaambia watu watazame majina. Jina pale ni rehani.

Lakini sheria haifukui maiti ikawa hai. Kenya ilijifunza hilo kwenye hatifungani, yaani karatasi ya mkopo ambao wawekezaji wanaikopesha kampuni. Imperial Bank iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 2 kwa idhini zote, na Oktoba 2015, ilipokuwa inakaribia kuanza kuuzwa sokoni, Benki Kuu ikaiweka benki hiyo chini ya mfilisi baada ya udanganyifu wa ndani kugundulika. Mwaka uliofuata Chase Bank ilitoa hesabu, kisha siku chache baadaye, Aprili, ikazitoa upya, na mara hii mikopo iliyopewa watu wa ndani ya benki ilionekana mikubwa kwa mabilioni kuliko ilivyotangazwa awali. Kesho yake benki ikafungwa. Ilikuwa na hatifungani ya bilioni 4.8 mikononi mwa wawekezaji. Waraka unaweza kuwa na kila ukurasa unaotakiwa na bado ukawa umejengwa juu ya vitabu vilivyopikwa. Ukiwa na fedha za maisha yako yote, usiziweke kwenye karatasi ya kampuni moja, hata ikiwa na mihuri ya kila ofisi.

Shemeji yangu anafanya kazi kwenye kampuni, kanidokeza kuna neema inakuja. Ninunue?

Usinunue. Kununua kwa taarifa za ndani ambazo umma haujapewa ni kosa la jinai, kwako na kwa aliyekupa. Msidhani hawaoni. Kampuni ya Kifaransa ya Rubis ilipotangaza Oktoba 2018 kwamba inataka kuinunua KenolKobil, kampuni ya mafuta ya Kenya, CMA ya Kenya ilirudi nyuma kutazama nani alinunua kwa wingi kabla ya tangazo, na akaunti kadhaa zikazuiwa. Siku hizi kila hisa inapita kwenye mfumo wa kompyuta kwa jina na saa.

Mbona waraka wenyewe ni Kiingereza kitupu?

Hapa sina jibu la kuutetea utaratibu. Waraka kamili mara nyingi huandikwa Kiingereza cha mawakili, huku tangazo la "nunua sasa" likitoka kwa Kiswahili safi chenye ngoma na vigelegele. Yaani kishawishi kinakuja kwa lugha ya mama, tahadhari inakuja kwa lugha ya mahakama. Sheria ya kuweka taarifa wazi inadhani kwamba taarifa ikichapishwa imefika. Kwa mama wa vitenge haikufika.

Msimamo wangu ni kwamba sura mbili, ya vihatarishi na ya matumizi ya fedha, zilazimishwe kutolewa kwa Kiswahili kamili, si muhtasari wa kurasa mbili wenye picha za watu wanaotabasamu. Gharama ya mfasiri mzuri ni ndogo mno ukiilinganisha na bajeti ya matangazo ya toleo lolote. Mpaka hapo, mna haki ya kumwomba dalali awasomee. Muombeni. Ni kazi yetu.

Sina muda wa kurasa 200. Nianzie wapi?

Anza na vihatarishi, halafu matumizi ya fedha. Kisha nenda kwenye hesabu utafute mstari wa fedha taslimu zinazotokana na shughuli. Faida inaweza kupambwa kwa makadirio, fedha taslimu ni ngumu zaidi kuipamba. Ikiwa faida inapanda kila mwaka na fedha taslimu inashuka, uliza kwa nini. Mwisho tafuta sehemu ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni: mkurugenzi kapangisha jengo lake kwa kampuni kwa kiasi gani, kampuni mama inachukua ada gani ya usimamizi. Sehemu hiyo huwa nyuma kabisa, na mimi huisoma kabla ya barua ya mwenyekiti.

Kuna kundi la WhatsApp linauza "hisa" zenye faida ya asilimia 30 kwa mwezi.

Uliza swali moja: waraka wenu ulioidhinishwa na CMSA uko wapi? Wakianza kukueleza habari za fursa na kuchelewa, ondoka. Sheria yetu inaita mchezo huo upatu, yaani wa kwanza kulipwa kwa fedha za wanaowafuata. Wengi tunakumbuka DECI, watu wakipanda "mbegu" na kusubiri kuvuna, mpaka serikali ilipoifunga 2009 na maelfu wakabaki na karatasi. Haikuwa na waraka, hesabu zilizokaguliwa, wala mtu aliyewajibika kwa kila neno.

Dalali wangu akianguka, hisa zangu zinapotea?

Hisa zako hazimo kwenye kabati la dalali. Zimeandikwa kwa jina lako kwenye hifadhi kuu ya hisa, kwenye kompyuta, kupitia akaunti yako tunayoiita akaunti ya CDS. Hatari iko kwenye fedha ulizomwachia dalali na kwenye mauzo yanayofanywa bila ridhaa yako. Machi 2008, mwezi uleule toleo la Safaricom lilipofunguliwa, kampuni ya udalali ya Nyaga, ya Kenya, iliwekwa chini ya usimamizi wa mamlaka, na wateja wakahangaika muda mrefu. Kenya wana mfuko wa fidia kwa wawekezaji, lakini wakati huo kikomo chake kilikuwa shilingi 50,000 za Kenya kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo omba taarifa ya akaunti yako ya CDS angalau mara mbili kwa mwaka, hata kama hujauza wala kununua, na uilinganishe na stakabadhi zako. Ukiona namba haifanani, andika malalamiko kwa dalali siku hiyohiyo, mwachie nakala igongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala nyingine ipeleke CMSA. Njoo na kitambulisho cha taifa na namba ya CDS.